Milango ya fahamu inapozidiwa: mwongozo kwa watu wazima wa Kigoma

Kuna watu wazima ambao lebo ya shati huwachoma kutwa nzima, kelele za soko huwafunga mdomo, na harufu ya mawese yanayopata moto huwatoa jikoni kabla mboga haijaungwa. Ukiwapima, masikio ni mazima, macho ni mazima, ngozi haina ugonjwa. Shida ipo kwenye kuchuja. Ubongo hupokea taarifa nyingi kila sekunde na kazi yake ni kuachia nje zisizo na maana. Kwa watu hawa, zile za kuachwa nje huingia, tena kwa nguvu. Wengine wana kinyume chake, hawahisi njaa mpaka mikono itetemeke, wala hawajui wamejigonga mpaka waone damu. Wengi wana yote mawili, mlango mmoja mkali na mwingine butu.

Jambo hili lilianza kuelezwa kwa kina Marekani miaka ya 1960 na 1970 na A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku. Katika mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, DSM-5, halikuwekwa kama ugonjwa unaojitegemea, ila wepesi au uzito wa hisia uliingizwa miongoni mwa dalili za usonji (autism). Huwapata pia watu wasio na usonji: wenye shida ya umakini, wenye wasiwasi mkubwa, wenye kipandauso, na waliowahi kuumia kichwa. Mtaani mtu wa hivi huitwa anaringa, ana hasira za karibu, au ana majini. Hana lolote kati ya hayo.

Shuleni tulifundishwa milango mitano. Ongeza mitatu: ule wa mwendo na usawa wa mwili, ulio ndani ya sikio, ule wa misuli na viungo, unaokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho, na ule wa ndani, unaoleta njaa, kiu, haja na mapigo ya moyo. Hii mitatu ndiyo yenye msaada mkubwa, na ndiyo inayosahauliwa.

Kabla ya mbinu yoyote, lishike hili moja: mzigo wa hisia hujumlishwa. Kilichokuangusha saa kumi jioni mara nyingi hakikutokea saa kumi. Kilianza alfajiri kwa usingizi mfupi, kikaongezwa na bodaboda, na jua, na foleni ya benki, mpaka mtoto alipodondosha sufuria ukapiga kelele. Anayeshughulika na sufuria peke yake hatapata nafuu. Ipange siku nzima.

Daftari la siku saba

Chukua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila unapohisi kusumbuka, andika mstari mmoja: siku na saa, mahali, mlango gani, ukali kuanzia 0 hadi 10, ulilala kwa saa ngapi, ulikula saa ngapi. Mstari uwe mfupi hivi: “Jumanne, saa tano asubuhi, soko la Mwanga, masikio 7, pua 5, nililala kwa saa tano, sijanywa chai.” Usiandike maelezo marefu. Watu huacha siku ya tatu kwa sababu waligeuza daftari kuwa barua. Andika pia nyakati ulizotulia vizuri na ulikuwa unafanya nini, maana hapo ndipo dawa yako ilipo.

Siku ya nane, chora duara kwenye kila alama ya 7 na kuendelea, kisha tazama saa mbili zilizotangulia. Kwa kawaida utaona jozi zinazojirudia: njaa na kelele, usingizi mfupi na mguso, joto na harufu. Wanawake waweke alama siku za hedhi, kwa kuwa wengi huwa wepesi wa kuzidiwa siku chache kabla yake. Kwa wanaofunga Ramadhani, hasa waliozoea kahawa au chai nyingi, anza kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla. La sivyo, maumivu ya kichwa ya kukosa kahawa yatajumlishwa na njaa siku zile za mwanzo, na milango yote itakuwa mikali kwa wakati mmoja.

Kelele

Nunua vizibo vya masikio vya sponji. Huuzwa maduka ya vifaa vya ujenzi na huvaliwa na mafundi wa mashine. Kwenye pakiti utaona namba ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo kizibo hupunguza, mara nyingi kati ya 25 na 33. Namba hiyo ni ya maabara. Kizibo kilichovaliwa ovyo hakifiki hata nusu yake, na ndiyo maana wengi husema hakifanyi kazi.

Kukivaa kuna utaratibu wake. Osha mikono. Kiviringishe kati ya vidole mpaka kiwe chembamba bila makunyanzi. Mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa, shika sikio, livute juu kisha nyuma ili njia inyooke. Ingiza kizibo, kishikilie kwa ncha ya kidole kwa sekunde 30 kikiwa kinavimba. Ukiachia mapema kinajisukuma nje. Sasa sema neno kwa sauti: ukisikia sauti yako imekuwa nzito, kama inatokea ndani ya kichwa, kimekaa. Mtu akikutazama kutoka mbele akaona kizibo kinachungulia, rudia. Vya sponji havifuliwi, vikichafuka au kukakamaa tupa. Vya mpira laini huoshwa kwa sabuni na kutumika tena.

Pamba haisaidii, hupunguza kidogo sana na nyuzi zake hubaki sikioni. Karatasi ni hatari. Ukifika barabarani toa vyote viwili, usiache kimoja: ukiwa na sikio moja lililozibwa hutajua bodaboda inatokea upande gani.

Tena usivivae kutwa. Hili ndilo kosa la wale walioonja nafuu. Ubongo unaponyimwa sauti kwa muda mrefu huongeza usikivu wake, na baada ya wiki chache hata kijiko kwenye kikombe kinaumiza. Vivae kwa tukio: saa moja ya soko, nusu saa ya mashine ya kusaga, harusi. Nyumbani tumia sauti tulivu isiyobadilika ili kufunika zile za ghafla, kama feni au mlio wa mvua kutoka kwenye simu, kwa kiwango cha chini kuliko mtu anayezungumza kawaida. Kupandisha muziki juu ili kuzima kelele ya jirani huongeza jumla ya kelele, wala hakupunguzi kitu.

Palipo na spika, umbali ni bure na una nguvu. Uwanjani, kila unapozidisha umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6 hivi: kutoka mita 5 kwenda 10, kisha 10 kwenda 20. Kaa nyuma ya mstari wa spika au pembeni, na usikae kwenye kona ya ukuta, kwa kuwa ukuta hukurudishia sauti mara ya pili.

Ndani ya nyumba tenganisha mambo mawili. Mwangwi wa chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu hupunguzwa na mkeka, zulia, mapazia mazito na magodoro. Kelele ya nje haizuiwi na pazia hata liwe zito vipi. Hiyo huingia kwenye mianya: chini ya mlango, juu ya ukuta usiofika bati, kwenye madirisha ya nondo. Ziba mianya kwanza. Na mvua za Novemba hadi Aprili zikipiga bati, dawa ya kweli ni silingi. Kama pesa haitoshi nyumba nzima, weka silingi chumba kimoja cha kulala, na juu yake tandaza kitu chenye uzito na ulaini. Chumba hicho kiwe cha anayezidiwa na kelele, hata kama ndicho kidogo kuliko vyote.

Harufu

Anayeishi karibu na Kibirizi au Katonga hawezi kukwepa dagaa, na hakuna sababu ya kuwachukia wanaoanika. Ujue tu saa zake. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali uvuvi hupungua sana au husimama. Siku hizo mialo huwa na dagaa wachache na utulivu zaidi. Shughuli zako za ufukweni zipange humo. Upepo nao una kawaida yake: mchana mara nyingi huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku na alfajiri hugeuka kuelekea ziwani. Ukiwa upande wa mjini, harufu ya vichanja hukufikia zaidi mchana, jua likiwa limeshika. Fungua madirisha ya upande wa ziwa asubuhi mapema, yafunge jua likipanda, fungua ya upande wa pili.

Beba leso yenye ganda la limau au majani ya mchaichai yaliyopondwa. Ifunge kwenye mfuko mdogo wa nailoni ili isiishiwe harufu, uitoe unapoihitaji. Barakoa ya kitambaa yenye harufu kidogo upande wa nje husaidia pia. Maji ya limau usijipake usoni wala mikononi halafu ukatoka juani, maana limau na jua kwa pamoja huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Manukato makali nayo hayafai, yanaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na usipumue kwa mdomo ukidhani unaikwepa, utaanza kuionja.

Kwa mawese, tatizo kubwa ni pale yanapotoa moshi. Yachomee nje, jiko likiwa upande ambao upepo unachukua moshi mbali na mlango, moto wa wastani, na weka kitunguu kabla moshi haujaanza. Anayeunga mboga akibadilishana zamu na asiyesumbuliwa na harufu, naye akachukua kutwanga au kufua, nyumba haipotezi chochote.

Nguo, mikono ya watu, na kichwa

Mguso mwepesi hushtua na mguso mzito hutuliza. Ukilijua hilo, mengi yanaeleweka: kwa nini nzi au unywele shingoni humtia mtu wazimu, na kukumbatiwa kwa nguvu humrudisha.

Lebo ya mtumba usiikate kwa mkasi, kisiki kinachobaki hukwaruza zaidi. Fumua mshono wake kwa wembe, uzi mmoja mmoja, mpaka itoke yote. Kanga na vitenge vipya vina gundi ya kiwandani: loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, suuza mara tatu, rudia mpaka kitambaa kilegee. Ukishona, mwambie fundi mishono ifichwe ndani ya kitambaa au aweke bitana ya pamba, na mpira wa kiuno upitishwe kwenye njia yake badala ya kushonewa moja kwa moja kwenye ngozi ya nguo. Katika joto la bonde hili polista hushika jasho na kunata. Pamba ni bora, hata ikiwa imechakaa. Nguo ya ndani ivae nje-ndani kama mishono inakusumbua, hakuna atakayejua.

Salamu za huku ni ndefu na mkono hushikwa muda mrefu. Ukingoja kushikwa, unashtuka. Tangulia wewe: toa mkono, shika imara, kisha achia na uweke kiganja kifuani ukiendelea na salamu. Heshima inabaki kamili. Kwa wazee inama zaidi na urefushe maneno, na mkono hautadaiwa.

Kwa msusi, omba mabutu makubwa au mistari michache, ashike nywele kwenye mzizi kwa uthabiti kabla ya kuvuta, na mpumzike kila nusu saa. Kinyozi naye awashe mashine kwanza ikiwa mbali, aigusishe kwenye mkono wako ili mtetemo uzoeleke, ndipo apande kichwani. Mwombe aanze nyuma, amalizie karibu na masikio. Ukioga kwa kopo, anza na miguu na upande juu. Ukijikausha, kandamiza taulo mwilini, usisugue.

Kazi nzito kama dawa

Hapa maisha yetu yana utajiri ambao watu wa miji mikubwa ya nje huulipia. Misuli na viungo vinapobeba, kusukuma, kuvuta au kutafuna, mwili hutulia. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Kuifanyia kazi kabla ya kwenda mahali pa kelele ni maandalizi mazuri. Kama shingo ina shida, beba ndoo mbili za lita 10 mikononi, hatua 50 kwenda na 50 kurudi. Kulima, kufua mablanketi, kupasua kuni na kukanda unga wa chapati ni mle mle. Kutwanga kisamvu kunafaa sana, lakini kinu kikiwa juu ya saruji mlio wake unaharibu faida yote. Kiweke juu ya udongo au gunia lililokunjwa mara nne.

Kwa wa ofisini: simama mbele ya ukuta umbali wa mkono, viganja usawa wa kifua, sukuma kama unataka uhame, sekunde 10, pumzika 5, mara nane. Ukiwa umekaa, shika chini ya kiti kwa mikono miwili, jivute chini kwa nguvu. Hakuna anayegundua. Mwenye ngiri, mgongo mbovu, shinikizo la damu au ujauzito aache mizigo na kusukuma kwa nguvu, abaki na kutafuna na mfuko ulioelezwa hapa chini.

Kutafuna nako ni kazi ya misuli. Muwa, karanga, mbegu za maboga zilizokaangwa, au mswaki wa mti ambao mtu anaweza kuwa nao mdomoni asubuhi yote bila kuulizwa. Kwa vidole, wengi tayari wana tasbihi au rozari. Asiye nayo awe na funguo nzito au jiwe laini la ziwani mfukoni.

Mfuko wa mapajani

Blanketi zito linalouzwa ughaibuni huwa na takriban asilimia 10 ya uzito wa mtu. Kwa joto la Kigoma halifai. Mfuko wa kilo 2 wa kuweka mapajani au mabegani hufanya kazi hiyo na unashonwa nyumbani kwa siku mbili tatu.

Chota mchanga wa ziwani zaidi kidogo ya kilo 2. Uchekeche kutoa konokono na kokoto. Uoshe kwenye ndoo, koroga, mwaga maji machafu, rudia mpaka maji yatoke meupe. Anika kwenye turubai siku mbili, kisha kaanga kwenye sufuria kuukuu dakika 15 ukikoroga. Ukiumimina unapaswa kutiririka bila kushikana. Mchanga ulioachwa na unyevu huota ukungu ndani ya mfuko na kunuka, na hilo kwa mtu wa pua kali ni balaa. Mchele na maharage vinafaa pia, ila fukusi hawakawii.

Kata vipande viwili vya kaki au drili, sentimita 35 kwa 50. Shona pande tatu ukiacha sentimita 2.5 za pindo, upande mmoja mfupi ubaki wazi. Pindua. Sasa una mfuko wenye upana wa 30, na urefu utakuwa 45 ukishafunga mdomo. Piga mistari miwili ya urefu kupata njia tatu za sentimita 10. Pima mchanga kilo 2, ugawe mafungu 12, kila moja gramu 165 hivi, karibu nusu kikombe cha chai. Mimina fungu moja kila njia, tikisa ushuke, bana kwa pini juu yake, shona mstari wa kukatiza sentimita 11 kutoka chini. Rudia mpaka safu nne. Mstari wa mwisho funga mdomo mara mbili.

Kinachoharibika ni sindano: ikigonga punje ya mchanga huvunjika. Ndiyo maana ya pini na kutikisa. Kushona kuwe kwa hatua ndogo, milimita 2, la sivyo vumbi litapenya. Ukikosa kugawa vyumba, mchanga wote utakusanyika kona moja na mfuko hautakuwa na maana. Valisha foronya ya kitenge kilicholainika, inayovuliwa na kufuliwa.

Weka mapajani dakika 15 hadi 20, kisha toa. Mwili ukizoea uzito huacha kuuhisi na faida hukatika. Ukiurudisha baadaye, huhisi upya. Usilale nao kifuani, na usimwekee mtoto mchanga, mwenye shida ya kupumua, wala mtu asiyeweza kuutoa mwenyewe.

Mwanga na jua

Taa ndefu za tyubu za zamani na balbu nyingi za bei rahisi humemeta. Kwenye umeme wetu wa hezi 50 hiyo ni mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kichwa kinauma. Jaribu hivi: washa kamera ya simu, ielekeze kwenye taa kwa karibu, ikiwezekana kwa video ya mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi inapita, taa hiyo inamemeta. Ukinunua balbu, soma boksi: 2700 hadi 3000 kelvini ni mwanga wa njano tulivu, 6500 ni mweupe mkali. Waulize dukani wawashe balbu uijaribu kwa simu yako kabla ya kulipa.

Jua la Kigoma huzama upande wa ziwa, hivyo kuanzia saa kumi jioni anayeshuka kuelekea bandarini hupigwa na jua na mng’ao wa maji kwa pamoja. Kofia yenye ukingo mpana hufanya kazi zaidi ya miwani. Miwani ya jua ivuliwe ndani ya nyumba. Macho yakizoea giza, mchana utakuwa adui mkubwa zaidi.

Sokoni, barabarani, majini

Nenda soko la Mwanga wanapofungua tu, umekula. Orodha ipange kwa mpangilio wa vibanda, kuanzia kinachokusumbua zaidi hadi kisichokusumbua, ili samaki wamalizike ukiwa bado na nguvu. Uwe na muuzaji wako mmoja wa kila kitu unayeweza kumpigia simu akuwekee. Mwisho weka kikomo, dakika 40, hata kama orodha haijaisha.

Kwenye gari kaa mbele utazame mbali. Kwenye boti kaa katikati, ambako haliyumbi sana, utazame vilima vya pwani. Simu ndiyo inayoleta kichefuchefu kuliko mawimbi.

Chakula

Mlenda na bamia huwashinda wengi kwa utelezi, dagaa kwa vichwa na mchanga, ugali wa muhogo kwa kuvutika. Dagaa wakiondolewa vichwa, wakaoshwa maji ya moto mara mbili na kukaangwa mpaka wakauke, wengi hukubalika. Kama utelezi hauwezekani, kula kisamvu au matembele upate mboga za majani. Ugenini sema mapema, kabla hujapakuliwa: “Mama mdogo, mlenda haunipiti kooni, naomba mchuzi pembeni.” Ukisema sahani ikiwa mbele yako ndipo inapokuwa dharau.

Wasiohisi njaa waweke kengele ya simu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja usiku, na kikombe cha maji kila baada ya saa mbili. Kengele ikilia, kula, usijiulize kama una njaa.

Msiba na harusi

Msiba haukwepwi. Njia nzuri ni kuchukua kazi: kuchota maji, kupasua kuni, kuosha masufuria nyuma ya nyumba. Unakuwa mbali na vilio na spika, misuli inafanya kazi, na hakuna atakayesema hukuonekana. Fika mapema utoe pole kabla watu hawajajaa. Harusini chagua sehemu moja, ama ibada ama ukumbi, na umwambie mwenyeji tangu wiki moja kabla.

Ukishazidiwa

Dalili za mwanzo: taya kukaza, sauti za watu kuchanganyika zisieleweke, maneno kugoma, hasira isiyo na sababu. Ondoka kwanza, eleza baadaye. Andika ujumbe kwenye simu ukae tayari: “Nimezidiwa, nipo salama, natoka nje, nitarudi baada ya nusu saa.” Utume au uonyeshe, maana wakati huo mdomo unaweza kukataa. Nenda penye kivuli na utulivu, nawa uso kwa maji baridi, kandamiza viganja kimoja dhidi ya kingine, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, kwa dakika tano. Weka mfuko mapajani kama upo. Kutulia kabisa huweza kuchukua nusu saa au zaidi, na ukirudi kabla ya hapo utazidiwa upya kwa jambo dogo.

Wa nyumbani wafundishwe siku ya amani. Wasimguse, wasimzunguke, wasiulize “una nini?” mara kumi. Mmoja azime redio, apunguze taa, aseme sentensi moja tu, “nipo hapo mlangoni”, akae kimya. Maombi ya kelele juu ya kichwa chake huzidisha yale yale yaliyomwangusha. Anayetaka kumwombea amwombee kimya.

Hospitali

Kama hali imeanza ghafla ukubwani, usianze na vizibo, anza na daktari. Sikio moja kuziba au kupungua kusikia, ganzi ya upande mmoja, macho kuumizwa na mwanga pamoja na homa na shingo kukakamaa, au kichwa kuuma kuliko ulivyozoea: nenda siku hiyo hiyo, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Kwinini hufanya masikio yalie na sauti ziumize, kwa hiyo taja dawa zote ulizotumia, hata zile za duka la jirani.

Kama ni ya tangu utoto, omba kupimwa masikio na macho kwanza, kisha uliza rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wengi wao wamesomea KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyopo Moshi, na ndio waliofunzwa kupanga ratiba ya hisia ya mtu mmoja mmoja. Fika mapema kabla benchi halijajaa, vaa vizibo, mwambie anayepanga foleni kuwa utakuwa chini ya mti na akuite kwa ishara. Chumba cha daktari kikikufunga mdomo, mfungulie daftari kwenye zile duara za alama 7, asome mwenyewe.